Yai la mwezi huu linachaguliwa na nani? Maswali kutoka Dodoma

Nilipigwa altrasaundi, nikaambiwa nina vijifuko vingi kwenye ovari. Ni uvimbe? (Chang'ombe)

Mara nyingi si uvimbe, dada. Kila yai hukaa ndani ya kifuko chake, na vifuko vidogo kadhaa kuonekana kwa pamoja ni kawaida. Msichana huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na 2. Akivunja ungo hubaki na kama 300,000 hadi 400,000. Yatakayopevuka na kutoka maishani ni kama 400 hadi 500 tu. Mengine hufa yenyewe, na huko si kuugua.

Nani huchagua yai la mwezi?

Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutuma homoni ya FSH, inayochochea vifuko vikue. Maelezo ya wengi huishia hapo, ilhali mengi huamuliwa humohumo ndani ya ovari. Seli za vifuko vinavyokua hutoa homoni ya AMH, inayozuia vifuko vilivyolala visiamke vyote kwa mkupuo. Kisha kifuko kilichotangulia hutoa homoni za estrojeni na inhibini, zinazofanya FSH ishuke, na vingine vilivyokuwa vinaitegemea vinakwama na kufa. Chenyewe hakiyumbi: kimeshajijengea uwezo wa kutumia hicho kidogo kilichobaki, hadi kifikie kama milimita 20 na kupasuka, yai litoke.

Yai lenyewe limekaa tu?

Hata kidogo, na hapa ndipo ninapopapenda. Yai hutoa protini za GDF9 na BMP15, zinazozihimiza seli zinazolizunguka zikue. Wafugaji wa Kongwa mtanielewa: huko New Zealand kuna kondoo wa ukoo wa Inverdale, wenye hitilafu kwenye jeni ya BMP15. Jike aliyerithi nakala moja ya hitilafu huzaa mapacha mara nyingi zaidi. Aliyerithi mbili ni tasa, vifuko vyake havikui.

Nimeuziwa dawa ya chupa ya "kukuza mayai". Ninywe? (Kibaigwa)

Mimi ningeiacha. Kifuko huchukua miezi mingi tangu kuamka hadi kupevuka, na muuzaji hajui chako kimekwama wapi, kama kimekwama. Ila ukiona hedhi inaruka kupita siku 35, tena na chunusi nyingi au ndevu, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa upimwe. Huenda vifuko vinakwama vikiwa vidogo, na dawa za kusaidia yai kupevuka zipo, za kuandikiwa na daktari. Kama mmetafuta mtoto mwaka mzima, au miezi 6 ikiwa umefika miaka 35, usiende peke yako. Mumeo naye apimwe mbegu.