Je, wajua kwa nini ukiwa na huzuni mkono hukimbilia wimbo wa huzuni?

Jioni ya siku tuliyomzika mama mkubwa kule Sikonge, nilishuka stendi ya Tabora nimechoka mpaka kope. Nikapanda bajaji ya kwanza iliyosimama mbele yangu. Ndani ilikuwa inalia singeli, sauti juu, spika imefungwa nyuma ya kiti cha abiria, kila pigo linanigonga mgongoni. Hatujafika mbali nikamwomba dereva, "Mdogo wangu, hebu punguza kidogo."

Akanitazama kwenye kioo. Aliona kanga niliyojitanda na macho yalivyovimba, akazima kabisa.

"Samahani dada. Umetoka msibani?"

"Ndiyo."

"Pole sana. Mungu awatie nguvu."

Tukaenda kimya. Kimya nacho kikawa kizito kuliko ile singeli. Nadhani hata yeye alikihisi, maana baada ya muda aliuliza, "Nikuwekee kitu cha taratibu? Ninazo kwaya, ninazo na zile za zamani za mzee wangu." Nikamwambia aweke za mzee wake.

Ukaanza wimbo wa dansi wa enzi zile, mtu anamlilia mwenzake aliyeondoka bila kuaga. Nililia kuanzia pale mpaka Isevya. Lakini niliposhuka na kutafuta nauli, kifua kilikuwa kimeachia. Wimbo ulikuwa umeshaingia kwenye chemko, ile sehemu yake ya kasi, na kidole changu kilikuwa kinagonga mkoba kufuata mapigo bila mimi kukituma.

Swali la usiku ule sijaliacha mpaka leo. Kwa nini wimbo wa furaha uliniumiza, na wa huzuni ukanipa nafuu?

Jibu linaanzia kwenye sauti ya binadamu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Sweden, Patrik Juslin na Petri Laukka, walikusanya tafiti 104 kuhusu jinsi sauti ya mtu inavyobeba hisia, wakaziweka pamoja na tafiti 41 kuhusu jinsi wapiga muziki wanavyofanya hivyo hivyo kwa vyombo vyao. Alama zilifanana sana. Mtu mwenye huzuni husema polepole, kwa sauti ya chini, bila nguvu. Mpiga muziki anayetaka kuonyesha huzuni hufanya yaleyale, hata kama mkononi ana chombo kisichojua kusema neno moja. Ndiyo maana sikio linapopokea muziki wa namna hiyo, huupokea kama mtu. Ni kama mtu amekuja, amevua viatu, ameketi nawe mkekani na anaongea kwa sauti ileile unayoongea wewe.

Sasa chukua singeli. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, wakati moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Siisemi vibaya singeli, nimeicheza harusini mpaka viatu vikakatika. Lakini kwa mfiwa ni sawa na mgeni anayeingia msibani akipiga vigelegele. Hajakosea wimbo, amekosea nyumba. Mitaani kwetu jambo hili linajulikana bila kufundishwa: ukitokea msiba, jirani hapunguzi redio kwa sababu sheria imesema. Anajua tu kwamba furaha yake ikivuka ukuta itamchoma mwenzake.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna maelezo mepesi yanayorudiwa sana: kwamba wimbo huwa wa huzuni kwa sababu umepigwa kwenye ngazi ya sauti ambayo wapiga kinanda huiita maina. Kwa muziki mwingi wa Ulaya maelezo hayo yana ukweli. Kwetu hayatoshi hata kidogo. Sikiliza dansi la miaka ya sitini na sabini, lile ambalo bendi za mji huu kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilipiga. Sehemu kubwa ya nyimbo zile iko kwenye meja, ngazi inayosemwa kuwa ya furaha, na bado unasikia mtu anaeleza jinsi alivyoachwa, alivyofukuzwa kazi au alivyozikiwa mzazi akiwa mbali. Huzuni imebebwa na maneno, na namna mwimbaji anavyoburuza mwisho wa mstari, na lile gitaa linalomjibu kwa upole kila anaponyamaza. Anayetafuta huzuni yetu kwenye maina peke yake ataipita njiani asiitambue.

Turudi kwenye nafuu. Mwaka 2014 watafiti wa Berlin, Liila Taruffi na Stefan Koelsch, walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza watu 772 kuhusu muziki wa huzuni. Wengi walieleza kwamba huusikiliza hasa wanapokuwa wapweke au wameumizwa. Walipoulizwa muziki huo huwaletea nini, hisia iliyotajwa mara nyingi zaidi haikuwa huzuni yenyewe. Ilikuwa ile hamu ya siku zilizopita, yenye utamu na uchungu kwa pamoja, unayoipata ukikuta picha ya zamani ndani ya sanduku la nguo. Kwa hiyo machozi ya kwenye bajaji yalikuwa mchanganyiko. Ndani yake alikuwamo mama mkubwa, ilikuwamo redio yake ya mkulima iliyoning'inizwa msumarini, na ilikuwamo harufu ya mchele mpya akiupeta barazani.

Wengine wametafuta jibu kwenye damu. Mwaka 2011 David Huron, mtaalamu wa muziki katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, alitoa wazo kwamba muziki wa huzuni huudanganya mwili udhani umepatwa na msiba, nao ukamwaga prolaktini, homoni ileile inayoleta maziwa kwa mama anayenyonyesha, ili kujituliza. Kwa kuwa msiba wenyewe haupo, unabaki na utulivu peke yake. Ni wazo zuri na nililipenda nilipolisoma, lakini vipimo vilivyofanyika baadaye havikuonyesha homoni hiyo ikipanda kama alivyotarajia. Kilichopata ushahidi ni jambo jingine. Mwaka huohuo wa 2011, watafiti wa Montreal, Kanada, wakiongozwa na Valorie Salimpoor, walipima ubongo wa watu wakisikiliza nyimbo zinazowasisimua mpaka vinyweleo kusimama. Waliona ubongo unatoa dopamini, kemikali ya raha na shauku, na kwamba inaanza kutoka hata kabla ya kile kipande kinachosisimua kufika. Yaani ukiujua wimbo, ukajua kwamba baada ya mstari huu anakuja yule mwenye sauti nyembamba, mwili wako umeshaanza kupokea zawadi. Hii inaeleza kwa nini mtu aliyevunjika moyo hatafuti wimbo mpya. Anataka ule anaoujua kila kona yake.

Lakini kwangu mimi sehemu tamu zaidi ya habari hii ni ile ya daktari wa akili Ira Altshuler. Miaka ya 1940, katika hospitali moja karibu na Detroit, alikuwa akitumia muziki kwa wagonjwa wake, akaona kwamba kumpigia mtu aliyezama kwenye huzuni muziki wa kuchangamka hakumfikii. Akafanya kinyume: alianza na muziki unaolingana na hali aliyonayo mgonjwa saa ile, kisha akaubadilisha kidogo kidogo kuelekea pale alipotaka amfikishe. Mpaka leo watu wanaotibu kwa muziki wanaitumia kanuni hiyo.

Nilipoisoma nilicheka kwa furaha, kwa sababu niliiona imefanyika mbele yangu tangu utoto. Tazama mama anayebembeleza mtoto mwenye kelele. Haanzi na wimbo mtulivu. Kwanza anamrusharusha mikononi haraka haraka, kwa kasi ya kilio chake, ndipo anapunguza, anapunguza, mpaka mtoto anafuata na kusinzia. Tazama na msiba wetu. Siku ya kwanza wanaokuja wanalia nawe, hakuna anayekwambia uchangamke. Siku zikisogea, watani wanaingia. Mmoja anadai alipwe deni la marehemu, mwingine anavaa koti lake na kuigiza alivyokuwa akitembea, na mfiwa aliyekuwa hali wala hanywi anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Utani uleule ungeletwa saa ya kuosha maiti ungekuwa tusi. Ukiletwa kwa wakati wake, ni dawa.

Na tazama zile nyimbo za dansi zenyewe. Nyingi zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, mwimbaji anatoa shida yake, ubeti baada ya ubeti. Kisha ngoma zinabadilika, gitaa la solo linatangulia, na wimbo unaingia kwenye sehemu ya kasi ambayo wanamuziki waliiita chemko. Hadithi haijabadilika, aliyeachwa bado ameachwa, lakini sasa miguu inacheza. Wale wazee hawakuhitaji kumsoma Altshuler. Walijua kwamba ukitaka kumsogeza mtu, mwanzoni lazima ukae alipo. Yule kijana wa bajaji bila kujua alinipitisha njia nzima, kutoka stendi mpaka Isevya, ndani ya wimbo mmoja.

Angeweka kwaya pia nadhani ningefika. Mkoa wetu una kwaya za Ulyankulu, makazi waliyopewa watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, na nyimbo zao zilifika mbali kwa kaseti. Wanaoimba faraja wakiwa wamepoteza nchi nzima huaminika.

Hata hivyo si kila wimbo wa huzuni unafariji, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Sandra Garrido na Emery Schubert, watafiti wa Australia, wamechunguza watu wenye tabia ya kuchimba jeraha: wanaorudia mawazo yaleyale, kwa nini mimi, ningefanya vile, laiti. Kwa watu hao muziki wa huzuni unaweza kuwa jembe la kuchimbia. Wanausikiliza wakiamini unawasaidia, lakini ukiisha wako chini kuliko walipoanza. Jambo hili lina pande mbili lakini. Utafiti wa mwaka 2020 ulioongozwa na Sunkyung Yoon uliwauliza watu wenye sonona kwa nini wanapenda nyimbo za huzuni, na walichotaja ni kwamba zinawatuliza, hawakusema wanataka kuumia. Kwa hiyo usimnyang'anye mtu wimbo wake kwa kumwona analia. Mwulize anajisikiaje ukishaisha.

Mimi sasa ndivyo ninavyochagua. Wimbo wa kwanza hauna masharti, uwe wa huzuni kadiri ninavyotaka. Wa pili uwe wa taratibu bado, lakini wenye maneno ya kutazama mbele au usio na maneno kabisa. Wa tatu uwe na mwendo wa kutembea. Ukifika wa nne huwa najikuta naimba kwa sauti, na kuimba kunakulazimisha kuvuta pumzi ndefu, jambo ambalo mwenye huzuni husahau kulifanya. Ninachokikwepa ni kuuweka wimbo mmoja ujirudie usiku kucha. Huko ndiko nilikowahi kupotelea miaka ya nyuma, baada ya uchumba kuvunjika, na wimbo ule mpaka leo ukipigwa dukani natoka nje.

Huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, usingizi umekataa, chakula hakipiti, kazi imekushinda, hapo muziki si mahali pa kuishia. Nenda hospitali, kwetu hapa ni Kitete, umweleze daktari kama unavyomweleza malaria. Kama mawazo ya kujidhuru yamekuja, usingoje hata hizo wiki mbili. Mwambie mtu aliye karibu leo hii, akusindikize.

Yule dereva nilimpata tena mwezi uliofuata. Nilimwomba aniwekee nyimbo za mzee wake kwenye flashi, akaniwekea 31 na akakataa hela. Nimezipanga upya kwa mpangilio wangu, za taratibu mbele, za chemko ndefu nyuma. Katika zote 31 kuna mmoja ambao mama mkubwa alikuwa akiuimba akipeta mchele, na huo nimeuweka peke yake, nje ya mpangilio. Kila baada ya wiki chache naujaribu. Mara ya kwanza niliuzima gitaa likianza tu. Jumapili iliyopita nimefika ubeti wa pili.