Mchwa kwanza, mende baadaye: kwa waliohamia nyumba mpya Dodoma

Watu wengi wanaohamia nyumba zao mpya huku Iyumbu, Nala au Ihumwa hunipigia simu kwa sababu ya wadudu wanaowaona: mende wa jikoni, sisimizi wa kwenye sukari, kumbikumbi wanaozunguka taa mvua za Desemba zikianza. Nikifika, kabla sijafungua dawa yoyote, huomba kuizunguka nyumba kwa nje, kwa kuwa mdudu anayeweza kukugharimu fremu za milango na kenchi ni mchwa, naye haonekani mpaka atafutwe.

Viwanja vingi huku vilikuwa na vichuguu. Greda husawazisha kichuguu, lakini malkia anayetaga maelfu ya mayai kwa siku anaweza kubaki salama chini, na nyumba ikajengwa juu yake. Mafundi nao hufukia vipande vya mbao na mirunda ndani ya kifusi cha msingi, na hapo wanakuwa wamemwandalia chakula.

Kagua pale ukuta unapokutana na ardhi, nyuma ya tanki la maji, na hasa kwenye mguu wa fremu ya mlango wa nyuma. Ukiona mstari wa udongo wenye unene wa penseli ukipanda ukutani, vunja kipande kidogo katikati. Wakitokea mchwa weupe, au ukakuta baada ya siku chache kwamba pengo limezibwa kwa udongo mbichi, basi njia hiyo inatumika. Tafadhali usiifute yote, kwani ndiyo inayomwonyesha mtaalamu wanakopitia. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, lakini wale wa taa ya barazani, ambao wengine wetu huwala kwa furaha, wanaweza kuwa wametoka popote. Mabawa yao yakirundikana ndani ya chumba ambacho madirisha yake yalikuwa yamefungwa, hapo ndipo pa kutilia shaka.

Oili chafu inayopakwa kwenye mbao na kumwagwa kando ya msingi siipendekezi hata kidogo, kwa sababu inachafua ardhi na haigusi kichuguu. Dawa yenye fipronili hufanya kazi taratibu na mchwa hawaitambui, hivyo hupita ndani yake na kuambukizana sumu kabla ya kufa, tofauti na dawa zinazowafukuza tu wakatafute upenyo mwingine. Humwagwa kwenye mtaro mdogo, wa kina cha sentimita 15 hivi, unaozunguka msingi, mbali na kisima. Nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ikiwa na lebo yake. Ile inayopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa iache hukohuko.

Kwa mende wadogo wa jikoni, chambo cha jeli kikiwekwa kwenye bawaba za makabati na nyuma ya friji hufaa kuliko kupuliza, kwani dawa ya kupuliza mara nyingi huwatawanya. Sisimizi wanahitaji sabuni na kifuniko cha sukari, si mimi.

Mbu ni suala la maji tunayohifadhi kwa sababu ya mgawo. Anayeeneza homa ya dengi huuma mchana na hutaga kwenye kuta za ndani za ndoo na mapipa, ambako mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi; sugua kuta hizo kwa brashi kila wiki, kisha funika.