Haki ya kujilinda inaishia wapi? Tuitazame Kashmir kutoka Tanga

Mwezi Mei 2025, India na Pakistan ziliposhambuliana kwa siku nne, niliulizwa maswali mengi mtaani kuliko niliyowahi kuulizwa darasani muhula mzima. Jioni moja, kwenye baraza la kahawa Ngamiani, hapa Tanga, mzee mmoja aliniita: "Njoo hapa mwanangu, wewe si ndiye mwalimu wa sheria za mataifa? Mtu kaingia kwako, kaua watu 26. Unamrudishia, au unakwenda kushtaki?" Siku ile nilimjibu kwa kifupi mno, na tangu hapo jibu lile halijaniridhisha. Leo namjibu kwa urefu.

Kashmir, nchi ya milimani ambayo India na Pakistan zinaigombania, si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi Raskazone ili kuuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani, na miongoni mwa askari waliotoka India walikuwamo wa Kashmir, watu wa maharaja, yaani mfalme, wa huko. Waliingia hadi ndani ya mji kabla ya jeshi zima kurudishwa baharini. Januari 1915 askari wa Kashmir walikuwa tena Jasini, kule Mkinga karibu na mpaka wa Kenya, wakazingirwa hadi waliobaki wakasalimu amri. Kamanda wao, Raghbir Singh, alifia hapo. Walikuja kufa katika ugomvi wa watu wengine, na miaka 32 baadaye nchi yao yenyewe ikawa ugomvi.

Ilikuwa Oktoba 1947. India na Pakistan zilikuwa na miezi miwili tu ya uhuru. Wapiganaji kutoka upande wa Pakistan waliingia Kashmir, maharaja Hari Singh akatia saini kujiunga na India, na vita vikaanza. Vilisimama Januari 1949 mahali majeshi yalipokuwa, ukachorwa mstari. Mwaka 1972, baada ya makubaliano ya Simla, ukaitwa Mstari wa Udhibiti. Kura ya maoni iliyotajwa katika maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ili Wakashmiri wenyewe waseme wanataka nini, haijapigwa hadi leo. Nalitaja hili mapema kwa sababu tukianza kubishana nani ampige nani, wenye nchi husahauliwa.

Tarehe 22 Aprili 2025, huko Pahalgam, katika Kashmir ya upande wa India, watu wenye bunduki waliua watu 26, wengi wao watalii wa Kihindu. Mmoja alikuwa Mwislamu wa hapo hapo aliyekuwa akiwapandisha watalii farasi. India ikasema Pakistan ina mkono. Pakistan ikakana, ikataka uchunguzi wa watu wasiofungamana na upande wowote. Usiku wa kuamkia Mei 7 makombora ya India yakapiga sehemu tisa ambazo India ilisema ni kambi za magaidi. Pakistan ikasema raia wameuawa, ikajibu.

Sasa turudi kwa mzee wangu. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema nchi iliyoshambuliwa kwa silaha ina haki ya kujilinda, na inapaswa kulitaarifu Baraza la Usalama mara moja. Haki hiyo ni ya kulizuia shambulio. Kumwadhibu aliyekwisha kushambulia ni jambo jingine, nalo limekatazwa. Mwaka 1964, ndege za Uingereza zilipoipiga ngome ya Harib huko Yemen kwa kulipiza, Baraza la Usalama lililaani ulipizaji wa aina hiyo, na mwaka 1970 Baraza Kuu likatamka kwamba kila nchi ina wajibu wa kujiepusha nao. Ndiyo maana ni nadra kusikia serikali ikitangaza kwamba imelipiza kisasi. Mei 2025 India ilisema inajibu na kuyawahi mashambulizi mengine yaliyokuwa njiani. Pakistan nayo ikaitaja Ibara ya 51. Kila upande uliingia vitani na neno lile lile mdomoni.

Unawezaje basi kujua nani anajilinda na nani analipiza? Sisi Watanzania tunao mfano wa nyumbani. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaichukua ardhi yetu hadi mto Kagera, na Amin akatangaza ni yake. Nyerere aliposema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, adui alikuwa bado amekaa juu ya ardhi yetu. Hapo sheria haina kigugumizi. Lakini jeshi letu lilikwenda hadi Kampala, ikaanguka Aprili 1979, na Julai ile huko Monrovia, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, baadhi ya viongozi wenzetu walituhoji. Naamini tulikuwa na majibu mazuri. Naamini pia walikuwa na haki ya kuuliza, na nchi yenye hoja ya kweli haikasiriki kuulizwa.

Mfano wa pili unatoka miezi ile ile ya vita vya Tanga. Oktoba 1914, huko Naulila kusini mwa Angola, afisa wa Kijerumani na wenzake wawili waliuawa na askari wa Ureno, nchi ambayo wakati huo haikuwa vitani na Ujerumani. Wajerumani wakalipiza kwa kuvamia vituo vya Wareno. Waamuzi walipoichambua kesi, wakatoa hukumu mwaka 1928, walikuta kwamba mauaji yale yalitokana na kutoelewana, na kosa kubwa lilikuwa la mkalimani. Hakuna aliyeuliza kwanza. Hakuna aliyedai fidia kabla ya kushika bunduki. Na kipigo kilikuwa kikubwa mno kuliko kosa. Kila ninapofundisha kesi hii nasimama kidogo hapo: vituo vilishambuliwa kwa neno lililotafsiriwa vibaya.

Wanaotaka kulipiza nao wana hoja nzito, na sipendi zipuuzwe. Mwaka 2008 watu kumi wenye silaha waliua watu 166 Mumbai. India haikupeleka jeshi. Ilikusanya ushahidi, ikaupeleka kwa mataifa, ikamhukumu muuaji mmoja aliyekamatwa hai na kumnyonga mwaka 2012. Wanaotuhumiwa kupanga, walioko Pakistan, kesi zao zilijikokota miaka. Mama aliyepoteza mtoto Mumbai ukimwambia "subiri mahakama" atakuuliza asubiri mpaka lini, nami sina jibu la kumtuliza. Shivshankar Menon, aliyekuwa katibu mkuu wa mambo ya nje wa India wakati huo, ameandika kwamba siku zile yeye mwenyewe alishinikiza India ijibu kijeshi, kisha baadaye akaona kutojibu ndiko kulikokuwa sahihi, kwani dunia ilisimama upande wa India.

Baada ya hapo mkondo ukabadilika. Mwaka 2016 wanajeshi wa India walivuka Mstari kwa miguu. Mwaka 2019 zilikwenda ndege, hadi Balakot, nje kabisa ya Kashmir. Mwaka 2025 makombora yalifika Punjab ya Pakistan, halafu viwanja vya ndege za kivita. Baada ya hapo Narendra Modi, waziri mkuu wa India, akatangaza kwamba kujibu hivyo ndiyo sera. Kila kipigo kiliahidiwa kuwa kitamaliza jambo, na kila kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko kilichopita, maana serikali haiwezi kuonekana nyumbani imefanya pungufu ya mara iliyopita. Kwangu mimi hapa ndipo hoja ya kulipiza inapovunjika.

Na nchi zote mbili zina silaha za nyuklia. Februari 2019, ndege zikiwa angani, India iliangusha helikopta yake yenyewe kwa makosa, wakafa wanajeshi sita na raia mmoja. Machi 2022, siku ya amani kabisa, kombora la India liliruka kwa bahati mbaya likaanguka zaidi ya kilomita 100 ndani ya Pakistan. Halikuua mtu, Pakistan ikalalamika bila kurusha lolote. Kombora lile lingeruka Mei 9, 2025, nani angeamini kwamba ni bahati mbaya?

Kwa hiyo, mzee wangu: ukiwa bado unapigwa, jikinge, na usimwombe mtu ruhusa. Akishaondoka, weka ushahidi mezani kwanza, kisha uulize kipigo chako kitazuia nini kesho. Asiyeweza kulijibu swali hilo la pili anatafuta kutuliza hasira, na watakaolipia ni wanavijiji wa pande zote mbili za Mstari.

Majenerali wawili, mmoja Delhi na mmoja Rawalpindi, wana simu ya moja kwa moja kati yao. Februari 2021 walikubaliana kwa simu hiyo kwamba mizinga inyamaze, na kwa miaka minne watu wa mpakani waliweza kulima mashamba yao. Mei 10, 2025, saa tisa na nusu alasiri kwa saa za India, ililia tena. Jenerali wa Pakistan ndiye aliyepiga, wa India akapokea, na jioni ile mapigano yakasitishwa.