"Floodgate" si mlango wa mafuriko

Nimechoka kufuta "milango ya mafuriko" kwenye tafsiri za wanafunzi wangu kila Kiingereza kinaposema "floodgates", yaani milango inayozuia na kuachia maji. Juzi mteja naye amenirudishia kazi, akitaka niiweke badala ya "milango ya bwawa". Hoja yake: "flood" ni mafuriko, "gate" ni lango, kwisha.

Haijaisha. Katika Kiingereza cha kale "flōd" ilikuwa maji yanayotiririka, na pia maji kujaa baharini. Gharika ya Nuhu iliitwa hivyo pia, lakini maafa yalikuwa sehemu tu ya maana. Mpaka leo mabaharia wa Kiingereza huita maji kujaa "flood tide", na hakuna anayehama nyumba kwa ajili yake.

Ushahidi ninaoupenda uko katika mwongozo ulioandikwa Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, kwa wanawake waliojitenga kwa ajili ya sala. Unawaambia kwamba wakilazimika kusema kidogo, wainue "flod-yeten" za vinywa vyao, kama ifanyikavyo kwenye kinu cha maji, kisha waziteremshe mara moja. Tazama kitu chenyewe: kizuizi kinachopandishwa na kushushwa ili gurudumu la kinu lipate maji kwa kiasi. Msagaji alikuwa anapima maji, hakimbii mafuriko. Kwa hiyo nawasihi: tafsirini kazi ya kitu, msikate jina vipande; bwawani sema milango ya bwawa, au milango ya kufungulia maji. Na "floodgates" za machozi? Machozi yalimbubujika, inatosha.

Kuna wanaonitolea Mwanzo 7:11. Ni kweli baadhi ya Biblia za Kiingereza za siku hizi zina "floodgates" hapo, ila ile ya King James ya 1611 ina "windows", na Union Version yetu inasema "madirisha ya mbinguni yakafunguka". Hakuna mlango wa mafuriko.

Wengine husema "gate" hii ililetwa na Waskandinavia. Hiyo ni nyingine, "gata", yaani njia. Yetu ni "geat", iliyotamkwa kwa sauti ya "y", ndiyo maana mwongozo ule ukaandika "yeten". Nenda York, Uingereza, uione "gata" hiyo: Micklegate ni mtaa, na lango la mjini lililopo hapo huitwa Micklegate Bar.