Vinia ya tiki kwenye samani za zamani: dhana potofu na ukweli

Makabati na meza za Denmark na Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi huuzwa kwa jina la tiki. Nyingi ni tiki kweli. Nyingine ni afromosia (mbao ya Afrika inayofanana na tiki) au hata mvule, na kosa hilo hugundulika kiraka cha vinia, yaani tabaka jembamba la mbao linalofunika ubao wa ndani, kikishabandikwa na kukataa kufanana na jirani yake.

Dhana: Rangi inatosha kuutambua mti

Rangi ni shahidi wa mwisho kuaminiwa. Tiki iliyokwanguliwa leo hutoka na mabaka na michirizi ya kijanikijani ambayo hufifia ikikaa kwenye mwanga siku chache. Asiyelijua hilo huapa kwamba si tiki. Afromosia nayo huanza na umanjano, kisha hukolea kahawia kadiri inavyozeeka. Hapo bado hujagusa vanishi iliyotiwa rangi.

Tazama vitundu vya mbao. Chagua mahali pasipoonekana, kama ukingo wa ndani wa mlango chini ya bawaba, ufute kwa pamba yenye spiriti. Shelaki, aina ya vanishi ya zamani, italainika na kutoka. Isipotoka, jaribu thina. Kisha tafuta kibanzi cha vinia kilichokwisha kulegea, ukate ncha yake kwa wembe mpya (butu huponda vitundu), uiloweshe na kuitazama kwa lenzi inayokuza mara 10.

Kwenye tiki, vitundu vikubwa hujipanga mstari mwanzoni mwa kila pete ya ukuaji. Kwenye afromosia na mvule vimetawanyika. Mvule hujitambulisha kwa rangi hafifu inayozunguka kila kitundu na kutanuka pembeni kama mbawa. Afromosia ina vitundu vidogo na uso laini zaidi ukiupapasa. Kama hakuna kibanzi, hata usoni mwa vinia utaona vijifereji vya tiki vimekusanyika kwa mikanda, si kumwagika kila mahali.

Kipimo kingine cha afromosia: weka uzi wa stilwaya wenye maji juu ya kibanzi. Chuma na unyevu huiachia doa jeusi. Usijaribu juu ya meza yenyewe.

Dhana: Piga msasa mpaka ufikie mbao halisi

Vinia ya kiwandani ya miaka hiyo kwa kawaida haifiki milimita 1. Nyingi ni kama 0.6. Mashine yenye msasa namba 80 huimaliza upesi, na kingo hutangulia kwa sababu zilishapunguzwa kiwandani. Ukiona weupe wa ubao wa ndani, hakuna kurudi nyuma. Ondoa vanishi kwa dawa ya kuondolea rangi, halafu msasa namba 180 kwa mkono, kufuata nyuzi.

Dhana: Miguu huonyesha vinia ni ya mti gani

Hapana. Miguu na fremu mara nyingi ni mbao nyeupe ngumu iliyopakwa rangi ifanane.

Dhana: Vinia ni dalili ya samani duni

Kipande kipana cha mbao nzima hujikunja unyevu ukibadilika, ndiyo maana mafundi wazuri walibandika vinia juu ya ubao uliotulia. Kinachostahili shaka ni karatasi iliyochapwa: mchoro hujirudia sawasawa, na lenzi huonyesha nukta za wino badala ya vitundu.

Ukithibitisha ni tiki, futa upande wa gundi wa kiraka kwa asetoni, subiri ikauke, kisha gundisha mara moja. Mafuta ya tiki yakirudi juu, gundi haishiki.