Jicho la kushoto la Willie O'Ree

Mimi ni mpima macho. Wazazi wa watoto wanaoona kwa jicho moja huniuliza swali lile lile: mtoto ataweza kucheza? Huwa nawasimulia habari za Willie O'Ree, mchezaji wa hoki ya barafu kutoka Fredericton, Kanada.

Msimu wa 1955-56, akiwa bado ligi ya vijana, kile kisahani kigumu wanachochezea badala ya mpira kilimpiga jicho la kulia. Asilimia 95 ya uwezo wa jicho hilo kuona ikapotea. Kanuni za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, zilimzuia mtu wa hali hiyo, naye akanyamaza. Tarehe 18 Januari 1958 aliichezea timu ya Boston Bruins mjini Montreal, akawa mchezaji wa kwanza mweusi katika ligi hiyo kuu. Wengi humkumbuka kwa usiku huo. Lakini NHL alicheza mechi 45 tu, mabao manne. Miaka yake mingi ilipita ligi za chini, na mimi huko ndiko ninakomwona vizuri zaidi.

O'Ree alikuwa winga wa kushoto. Hapo ukuta wa uwanja uko kushoto kwako, mchezo wote uko kulia. Jicho la kushoto huona karibu nyuzi 100 kuelekea kushoto, ila kuelekea kulia huishia kama nyuzi 60, maana pua inaziba. Kila pasi ilimlazimu kugeuza shingo yote, huku beki anamjia kwa kasi ya kutisha. Kukadiria umbali, ambako watu hukuhofia zaidi, ubongo hujifunza upya kwa kutazama vitu vinavyosogea. Upande usioonekana hauna dawa hiyo.

Alipokuwa timu ya Los Angeles Blades, kwenye WHL, mojawapo ya ligi hizo za chini, alihamishiwa winga ya kulia. Mchezo ukawa upande wa jicho zima. Msimu wa 1964-65 alifunga mabao 38, na 1968-69, akiwa San Diego Gulls, akafunga 38 tena. Aliendelea kucheza hadi 1979, akiwa na miaka 43.

Kwa hiyo mtoto asiyeona jicho la kulia, mwombeni mwalimu amkalishe upande wa kulia wa darasa, wenzake wote wawe kushoto kwake. Na mpirani, mjaribuni kwanza winga ya kulia.