Kunenepa si dalili ya kinga kali
Hapa Mombasa mtu akinenepa ataambiwa "mashallah, una afya", ati mwili una akiba hata ukiumwa hauyumbi. Si hivo jamani. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na matumbo, hayakai bure, yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani mwilini, kidogokidogo kila siku, sasa askari wa kinga wanashinda kwa fujo isiyo na adui, homa ya kweli ikija wamechoka. Sukari ikipanda nayo, seli nyeupe za damu, ndio hao askari, hazimezi bakteria vizuri, moja ya sababu vidonda vya mguu vya wenye kisukari haviponi upesi.

Ila uzani peke yake haukwambii yote, wawili wana kilo 95, mmoja presha na sukari ziko sawa, mwenzake wapi! Pima kiuno, mwanamume akipita sentimita 102, mwanamke 88, kapimwe sukari asubuhi kabla hujagusa mahamri.